Dirisha Lako Lipo?

Shinyanga,
8 Februari 2024

Fundi Nestory,

Salaam nyingi. Jina langu Shehnaz, ila mjini hapa wananiita Mama Mumtaz, mwenye duka la vyombo karibu na soko. Hatujuani. Mwanangu Mumtaz alilala hoteli moja huko Geita akaona tangi la kioo lenye sato, akauliza kalitengeneza nani, wakamtaja wewe. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Nikisema "tangi" unajibu "nani?" Nikisema "samaki" unaniambia nimekosea namba. Mwisho mkeo akaipokea, akanieleza kwamba masikio uliyaacha kwenye mashimo ya dhahabu, eti niandike barua nimpe kondakta wa basi. Haya, naandika. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa mchumba wa mtu.

Nataka tangi, lakini si la sato. Nataka kipande cha bahari, na matumbawe yake ndani yakiwa hai.

Usicheke. Mume wangu, Irfan, alizaliwa Mikindani. Alipokuwa mtoto, maji yakipwa alikuwa akichukua debe lililokatwa kitako na kuwekwa kioo, analizamisha, anachungulia matumbawe mpaka mama yake aje kumvuta sikio. Baba yake akahamia huku enzi za pamba, naye akaletwa na mizigo mingine. Hajarudi tena. Kila tulipopanga kwenda likatokea jambo: duka, watoto, msiba, duka tena. Sasa moyo wake hautaki safari ndefu, daktari kakataza. Na mimi mzaliwa wa hapahapa, bahari sijaitia machoni. Nimeisikia tu, miaka arobaini, mdomoni mwake.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Ana presha ya macho. Yanafunga kuanzia pembeni, amebaki kuona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Sisi tunaliita dirisha. Kila asubuhi namuuliza, "Dirisha lako lipo?" Ananijibu, "Lipo." Daktari anasema linaweza kukaa mwaka, linaweza lisikae. Nataka ayaone tena matumbawe kabla halijafunga. Hilo tu ndilo ninaloliomba duniani kwa sasa.

Unaweza au huwezi? Niambie kweli. Kama huwezi sitakununia.

Shehnaz (Mama Mumtaz)

Chumvi usihangaike nayo, dukani kwangu ninayo magunia.


Geita,
15 Februari 2024

Mama Mumtaz,

Shikamoo. Mwangaluka pia, kama barua itakufikia asubuhi.

Samahani kwa habari ya simu. Mtu akinipigia nasikia kama mashine ya kusaga. Evelina, mke wangu, amecheka wiki nzima: "Umemwambia mama wa watu kakosea namba!"

Umetaka kweli, nakupa kweli. Maji ya chumvi sijawahi. Nimetengeneza matangi ya sato, madirisha, makabati ya vioo ya wanunuzi wa dhahabu. Kioo nakijua, bahari siijui. Ila barua yako imenikaa kifuani, nikaulizia, nikaelekezwa kwa dada mmoja yuko Dar es Salaam, Mwanaima. Huyo anafuga matumbawe kwenye matangi, ana kibali, hayavunji baharini. Anakata kipande kidogo, anakigandisha kwenye jiwe, kinakua. Tunaandikiana meseji. Nilipomwambia habari ya magunia yako ya chumvi alinitumia vikatuni vya kucheka mpaka simu ikajaa. Hapana mama. Chumvi ya ugali inaua. Kuna ya kwake maalumu, na maji lazima yachujwe kwanza yabaki matupu kabisa.

Mengine aliyonifundisha: tukishatia maji na mawe, tunangoja wiki nyingi bila samaki hata mmoja, ili vijidudu vizuri vizaliane na kuyasafisha maji. Utakaa unatazama mawe na maji, utanikasirikia. Usinikasirikie. Na umeme ukikatika usiku kucha pampu ikasimama, vyote vinakufa, kwa hiyo tutafunga betri.

Mwanaima anataka tangi liwe kubwa, maana dogo linachafuka upesi na kupata joto upesi. Lakini wewe umesema bomba, nami hiyo naijua. Chini duarani, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, unaona kile tu taa ya kichwani inachokuonyesha. Ukipewa ukuta mrefu unageuza shingo mpaka inauma na bado hujauona. Mzee akipewa tangi kubwa ataona jiwe, kisha ageuke aone samaki, na samaki ameshaondoka. Bora dogo, lote liingie dirishani kwake kwa mara moja.

Kwa hiyo tumpime. Mketishe anapokaa siku zote. Shika kadi nyeupe mbele yake, umbali wa mkono wake, isogeze kulia taratibu mpaka aseme imepotea. Weka alama ukutani. Kushoto vilevile, juu, chini. Nitumie vipimo, ndivyo nitakavyokatia kioo.

Fundi Nestory


Shinyanga,
24 Februari 2024

Fundi,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, wateja wakasubiri.

Nimempima! Nilimketisha kwenye kiti chake cha mikono, nikachukua mfuniko wa boksi la sahani, upande mweupe. Kwanza akauliza, "Unanipima sanda?" Ana mdomo huyo. Nikaanza kusogeza. "Imepotea." Nikarudisha, upande wa pili. "Imepotea." Hata hakusita, anasema palepale. Upana ni sentimita arobaini na tano, urefu arobaini. Fundi, nilidhani dirisha limebaki la ukubwa wa sahani ya chai! Niliingia jikoni nikafungulia bomba la maji asinisikie ninavyolia kwa furaha.

Ikabidi nimwambie ni vipimo vya nini. Aliupapasa ule mfuniko. Kisha akasema, "Matumbawe? Hapa Shinyanga, kwenye vumbi hili?" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanishika mkono akakaa nao muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake mchana.

Nimeamua hivi: litakapokuja nitalifunika shuka mpaka kila kitu kikae mahali pake. Sitaki aone mawe matupu. Nataka afunguliwe aone vyote kwa pamoja.

Chumvi nimekubali yaishe. Kata kioo.

Shehnaz


Shinyanga,
2 Machi 2024

Kijana wangu Nestory,

Mimi ni Irfan, mume wa Mama Mumtaz. Mkono huu si wangu. Ni wa rafiki yangu Narendra, mwenye duka la vitambaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Mimi nasema, yeye anaandika. (Mimi Narendra: anasema haraka kama mnadi mitumba. Nimemwambia polepole, hasikii.)

Nenda kafunge mlango kisha usome. Vipimo alivyokuletea mke wangu ni vya uongo. Nilivibuni mimi. Ana bangili mkononi, tangu aolewe hajazivua. Alipokuwa akisogeza kadi yake nilizisikia zinalia, nikajua mkono umefika wapi, nikasema "imepotea."

Sioni, Nestory. Tangu kabla ya mwaka mpya sioni. Najua hapa pana jua na hapa hapana, basi. Nyumba yangu naijua, sihitaji macho kuifikia sufuria. Gazeti namwambia kichwa kinauma anisomee. Taarifa ya habari naikazia uso kama ninayeitazama. Huyu Narendra ananishika mkono barabarani, watu wanadhani ni mapenzi ya wazee.

Utauliza kwa nini. Kila asubuhi ananiuliza, "Dirisha lako lipo?" Nikisema lipo, anaingia jikoni anaimba. Ni wimbo mbovu, kila siku uleule, na sauti hana. Kuna asubuhi moja nilichelewa kujibu, nilikuwa nasafisha koo tu, na nyumba nzima ikanyamaza mpaka jioni. Sikiliza, kijana. Macho nimeshayapoteza. Ule wimbo sitaki kuupoteza.

Sasa umekuja wewe na tangi lako, na mimi nimenaswa. Siku atakapoondoa shuka atanitazama uso. Naomba kitu kimoja. Utakapomaliza kupanga, niandikie kila kitu kimekaa wapi: kulia nini, kushoto nini, rangi gani, samaki anajificha wapi. Narendra atanisomea, nitakariri. Niliwahi kukariri juzuu nzima, sitashindwa na mawe matatu.

(Mimi Narendra: hapa amelia. Amesema nisiandike. Nimeandika.)

Jibu lipitie dukani kwa Narendra, lisifike kwetu.

Irfan


Geita,
9 Machi 2024

Mzee Irfan,

Shikamoo. Na wewe Mzee Narendra unayesoma, shikamoo.

Barua yako niliipata asubuhi, na siku hiyo sikukata kioo. Niliogopa ningekata kidole.

Nitasema bila kuzunguka: jambo hili silipendi. Mama ameniandikia kwa moyo mweupe, nami sasa namjibu huku nimeficha kitu mfukoni. Sitamwambia, maana si habari yangu kuitoa. Lakini siku akiniuliza uso kwa uso, mzee, sitaweza kumficha. Nakuonya mapema.

Kukuandikia kila kitu kimekaa wapi, nitakuandikia. Ila mimi sitatengeneza tangi la mtu kukariri tu. Nimekaa chini duarani miaka mingi. Siku moja taa yangu ilizima, ya mwenzangu Dominiko ilikuwa imeshazima, na juu walikuwa hawatusikii. Nilianza kupiga kelele. Dominiko akaniambia, "Acha kelele, shika ukuta." Nikashika. Mwamba wenye ufa una baridi yake, gogo la kuzuia udongo lina magome yake, kamba ya kupandia imechakaa pale tunaposhika wote. Tulitoka kwa mkono. Tangu siku hiyo sisemi kwamba gizani hakuna kitu.

Kwa hiyo nabadilisha mchoro. Tangi lako litakuwa na mlango wa mkono. Mama nitamtafutia maneno.

Nestory


Geita,
11 Machi 2024

Mama Mumtaz,

Shikamoo. Vipimo nimevipata, kioo kimekatwa. Kuna mabadiliko madogo. Stendi ya tangi itakuwa fupi kuliko tulivyosema, ukingo wa juu uwe usawa wa kiwiko cha mzee akiwa ameketi. Mfuniko utafungukia upande wa kiti. Kingo zote nitazipiga msasa ziwe laini. Jiwe moja litapanda mpaka karibu na juu ya maji. Na nimemwagiza Mwanaima aongeze kamba mmoja, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Kazi yake baharini ni kusafisha samaki wengine.

Ni kwa ajili ya kulisha kwa urahisi. Ndiyo, kulisha.

Nestory


Shinyanga,
20 Aprili 2024

Fundi Nestory,

Tangi limekaa vizuri tangu mlipolileta, halivuji, na shuka langu la maua limelikaa kama lilishonewa. Lakini nina mawili ya kukuuliza.

La kwanza, nangoja nini? Kila siku nainua pembe ya shuka naona mawe, na sasa mawe yameota ukungu wa kahawia kama sufuria ya kapera. Mwanaima anasema ni dalili njema. Nyinyi wawili mnaona dalili njema kwenye kila uchafu.

La pili, huo mfuniko. Siku ile ulipokuwa hapa nilikuuliza, ukajifanya hukusikia. Fundi, najua masikio yako ni mabovu, lakini mkeo aliniambia unasikia vizuri mtu akisimama mbele yako. Kwa nini ufungukie kitini? Ningeweka upande wangu mimi ninayelisha. Na stendi fupi kiasi hicho, mimi nainama mpaka kiuno kinalia. Au kioo kilipungua ukaona aibu kusema? Sema tu, sitakula mtu.

Mzee hajambo. Amefunga Ramadhani yote, nilimkataza, hakunisikia. Siku hizi amehamishia kiti karibu na tangi, anasema anapenda mlio wa maji. Anakaa pale akilielekea shuka la tangi, kama mtu anayengoja pazia lifunguliwe. Juzi nilimkuta amelaza kiganja kwenye kioo kwa juu ya shuka. Nilipouliza akasema anapima joto.

Dirisha lipo. Leo asubuhi nimeuliza, lipo. Lakini niharakishie, fundi. Kila ninapouliza, nashika kizingiti mpaka ajibu.

Shehnaz


Geita,
27 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Kioo hakikupungua. Mfuniko uache ulivyo, nakuomba, na siku moja ukiona nilikosea nitakuja kuubadilisha bure.

Mwanaima amesoma vipimo vya maji ulivyomtumia, anasema yameiva. Mwanzoni mwa mwezi wa sita mzigo unashuka Mwanza kwa ndege, nitaupokea na kuuleta mwenyewe. Mpaka siku hiyo na baada yake, shika haya: maji yakipungua ongeza yale matupu yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi, kwa sababu maji ndiyo yanayopaa na chumvi inabaki. Mikono isiwe na sabuni. Chumba kile usipulize dawa ya mbu wala marashi, maana pampu inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini.

Nestory


Shinyanga, stendi ya mabasi,
5 Juni 2024

Mzee Irfan,

Shikamoo. Naandika haraka, nitaiacha dukani kwa Mzee Narendra kabla sijapanda basi. Nimemaliza kupanga sasa hivi, wewe ukiwa chumbani umelala kwa amri ya mama. Atafungua Ijumaa mkitoka msikitini.

Haya, kariri. Katikati kuna jiwe refu, ndilo linalokaribia juu ya maji. Kushoto kwake kuna tumbawe lenye vidole vinene, rangi ya kijani kama embe bichi, vinayumba maji yakipita. Humo ndimo anamolala samaki: ni wa rangi ya chungwa, ana mikanda mitatu myeupe, hatoki mbali na nyumba yake. Kulia chini, peke yake kwenye mchanga, kuna tumbawe la zambarau. Hilo ndilo zuri kuliko yote. Likifunguka ni kama ua, mzunguko wa kiganja chako. Kamba mwekundu anakaa nyuma ya jiwe refu, akisikia mtu anatokeza ndevu zake nyeupe.

Ukishamaliza kusema uliyokariri, fungua mfuniko, tia mkono taratibu, uulaze juu ya jiwe refu, halafu tulia. Usiwe na haraka.

Mama alinisindikiza mlangoni. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, "Wabeja sana, mwanangu." Nilitazama viatu vyangu. Sijui kama nitaweza tena kuja kwenu.

Nestory


Shinyanga,
8 Juni 2024

Kijana wangu,

Tumeshinda!

Jana alivuta shuka. Nilisikia kitambaa kinashuka, nikasikia bangili zinatulia, nikajua ananitazama. Nikajivuta mbele kama mtu anayelenga. Nikasema, "Tazama yule wa chungwa, amejificha kwenye vidole vya kijani, mwoga huyo." Akacheka. Nikaona niongeze. Nikasema, "Na lile la zambarau kule kulia, Shehnaz! Limefunguka kama ua. Hayo ndiyo yalikuwa Mikindani, hayohayo."

Akanyamaza kidogo. Nikaogopa. Kisha akasema, "Ndiyo. Limefunguka vizuri sana." Sauti ilikuwa imejaa machozi. Ni furaha, nakwambia. Hakujua kitu.

Halafu bila mimi kuomba akafungua mfuniko mwenyewe, akanikunja mkono wa shati, akautia mkono wangu majini akaulaza juu ya jiwe. Nikatulia kama ulivyosema. Yule kamba akaja. Alipanda kidoleni, akaanza kunisafisha kucha, tiki tiki, kama kinyozi mwenye adabu. Nilipotoa mkono nikaulamba. Sikujali. Chumvi ileile. Nestory, nilikuwa na miaka kumi.

Mungu akuzidishie.

Irfan

(Mimi Narendra, naandika haya yeye akiwa anakunywa chai na hajui. Jana jioni nilipita kuangalia hilo tangi. Kulia chini ni mchanga mtupu. Hakuna cha zambarau. Sijamwambia. Fundi, kuna nini?)


Shinyanga,
20 Juni 2024

Fundi Nestory,

Nilitaka kukuandikia siku ileile. Ingekuwa barua ya matusi, na wewe ni mtoto wa watu, nikaona nisubiri.

Alhamisi, baada ya wewe kuondoka, nilipanga chumba kwa ajili ya Ijumaa. Kwetu chumba cha heshima hakifunguliwi bila udi. Nilitoa chetezo cha mama yangu, nikatia udi mzuri niliouweka tangu harusi ya Mumtaz, nikafunga madirisha, nikakiweka hapo chini ya stendi, karibu na pampu, ili harufu ipande kwenye shuka. Uliniandikia dawa ya mbu, uliniandikia marashi. Udi hukuuandika, nami sikuufikiria. Kwangu udi si moshi. Alfajiri ya Ijumaa niliinua shuka nikaona tumbawe la zambarau limesinyaa, limetoa ute, linanuka. Wengine walikuwa wamejikunja lakini wazima. Nikampigia Mwanaima, akasema, "Litoe sasa hivi mama, litaua na wenzake, na ubadilishe maji." Nikalitoa. Nikalifunga kwenye mfuko mweusi nikalizika uani kama kifaranga. Mzuri wao wote, na mimi ndiye niliyemuua. Nikasema basi, hajui lilikuwepo, hatalikosa.

Na mchana mume wangu akaniambia limefunguka kama ua.

Nilimtazama uso. Alikuwa anautazama mchanga mtupu anatabasamu. Fundi, mtu unaishi naye miaka arobaini, unajua anavyotafuna, anavyokoroma, anavyodanganya wateja, na usijue kwamba haoni. Mambo yote yakanijia kwa pamoja: gazeti, ile kadi aliyoijibu bila kusita, Narendra kumshika mkono, kiganja juu ya shuka. Na mfuniko wako. Ukingo usawa wa kiwiko. Kingo za msasa. Nikajua kwamba wewe ulijua, na nikakuchukia kwa muda wa kutema mate mara mbili hivi.

Lakini alikuwa ameketi amekaza uso, anangoja nimjibu, na jasho limemtoka kwenye paji. Nikaelewa anafanya yote hayo kwa ajili yangu. Alikuwa hatafuti matumbawe, alikuwa anatafuta kujua kama mimi nimefurahi. Sasa nifanye nini? Macho ameshanyang'anywa. Nimnyang'anye na hilo? Nikasema limefunguka vizuri sana. Kisha nikafungua mfuniko wako, maana nilishajua ni wa kazi gani.

Usije kuubadilisha. Uko upande wake sawasawa.

Usimwambie kwamba najua, na yule Narendra mwambie afunge mdomo, jana alikuja dukani akawa ananitazama kama mwizi wa kuku. Kila asubuhi bado nauliza, "Dirisha lako lipo?" Anasema lipo. Naenda jikoni naimba. Siku ya kwanza nilishindwa, nikaimba hivyohivyo huku nimeshika sinki. Sasa nimezoea.

Jioni tunakaa wote mbele ya tangi. Yeye ametia mkono majini, kamba anamfanyia kazi yake. Mimi nimejifanya bibi mropokaji. Nasema kila ninachokiona: eh, huyu wa chungwa leo katoka, anazunguka jiwe, kamfukuza konokono, kidole kimoja cha kijani kimeota kingine pembeni, kidogo kama punje ya mtama, mwanga wa jua la jioni umeingia dirishani, maji yanacheza ukutani. Nasema mpaka koo linakauka. Miaka arobaini yeye ndiye aliyenisimulia bahari nisiyoiona. Imefika zamu yangu.

Jana akaniambia, "Shehnaz, siku hizi unaongea sana."

Nikamwambia ni uzee.

Mkono wake ulikuwa bado umo majini. Kisha akageuza uso, si kwenye tangi, akaugeuza kwangu, pale sauti yangu ilipotokea, akasema, "Endelea."

Mama yako,
Shehnaz